Chumvi ya Shamba la Mama Mkwe

Nyanya za kwanza za mwezi wa pili, mvua ikipiga mabati mchana kutwa, zilikuwa zangu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu wa Likasi: ukianguka watakumbuka hadi rangi ya suruali uliyoanguka nayo, lakini siku uliyopanda watasema walikuwa safarini.

Miaka ile kiwanda kilikuwa kinakufa kwa awamu, leo idara hii, kesho ile. Mshahara ulikuwa jambo la kanisani, la kuaminiwa bila kuonekana. Wakubwa waliuza gari, wakauza mapazia, wakauza viti, ukutani ikabaki diploma peke yake kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kifaransa changu nilikiokota kiwandani kama wengine walivyookota misumari. Na bado, mwezi wa pili, nyanya za mji mzima zikiwa zimeoza kwenye miti yake kwa ugonjwa wa mvua, mama wauzaji wa soko walijipanga mbele ya lango langu wakiniita "Papa", hata wale ambao mwaka mmoja nyuma waliniita "muntu wa chokaa".

Mtu wa chokaa nilikuwa kweli. Miaka kumi na minne niliangalia tanki la chokaa kiwandani. Mawe yalitoka Kakontwe, yakachomwa, yakasagwa, yakachanganywa na maji hadi yakawa kama maziwa, na maziwa hayo niliyamimina kwenye maji ya asidi mpaka ukali wake ukaisha. Kipimo chetu kilikuwa karatasi ndogo: uchovye, ikigeuka nyekundu ongeza chokaa, ikielekea buluu funga. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na imenilisha vizuri kuliko falsafa ilivyomlisha mwenye nayo. Kazi ilipokwisha kila mtu alitoka na kitu. Wakubwa walitoka na injini. Mimi nilitoka na vibunda vitano vya karatasi zile ndani ya soksi.

Plastiki niliipata kwa baiskeli. Nje ya mji kulikuwa na shamba la Mzungu. Siku za uporaji Mzungu alikimbia, na mali yake ikaingia mjini juu ya vichwa vya watu: milango, madumu, kuku, na choo kimoja cha kukalia ambacho mwenye nacho alikiweka sebuleni kiwe kiti cha wageni. Waliopata plastiki ile nzito inayopitisha mwanga waliikata vipande, wakazibia mabati yao. Mimi peke yangu niliuliza Mzungu aliitumia kwa kazi gani. Wakaniambia aliijengea nyumba, akapanda mboga ndani, mvua isiziguse. Nikatoa baiskeli yangu, nikachukua plastiki yote iliyobaki. Nyumba niliisimamisha kwa mianzi, vyuma vya vitanda na waya, nikaishona kwa sindano ya magunia. Mzungu alikuwa na injinia. Mimi nilikuwa na mke wangu wa kushika ngazi.

Nilichokosa ni ardhi. Ardhi ilikuwa ya mama mkwe, mjane, kipande kimoja bondeni nyuma ya mtaa wetu, udongo mweusi ulioletwa na kijito. Alilima lengalenga, ndio mchicha wetu, matembele na mahindi kidogo, na kwa kipande hicho aliwalisha wajukuu saba ambao wazazi wao walikwenda kutafuta maisha na maisha yakawaficha. Hakuwa na shamba lingine wala miguu ya kulifikia. Nyumba nyingi wakati ule zilikula mara moja kwa siku. Bonde lile likifa, wale saba hawali.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye nyasi. Wenye kujiona wa mjini waliacha, wakasema ni ushamba. Mama mkwe hakuacha hata robo yake. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwahi kuongea naye uso kwa uso. Alichotaka nikisikie aliwaambia kuku wake, mimi nikiwa nyuma ya ukuta. Nilichotaka kumjibu nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi.

Basi nikamwambia mke wangu, mama yake akiwa uani: "Mama batoto, kama ningepata lile bonde, wale batoto saba bangekula tomati na samaki, haiko majani ya kila siku!"

Kisha nikasikia kuku wakihutubiwa.

"Nyinye bakuku, musikie. Ule bwana minamupatia bulongo yangu mvula tatu. Mvula tatu, njo basi. Alishe batoto. Na siku anarudisha, anirudishie bulongo muzima. Haiko maiti."

Nilicheka. Udongo unakufaje? Mtu wa chokaa aue udongo? Nikamwambia mke wangu aseme asante.

Mvua ya kwanza ilikuwa yangu kama nilivyosema. Udongo wa kwetu una uchachu, na mvua kubwa inauongezea. Niliukoroga na maji ndani ya kikombe, nikachovya karatasi, ikaona haya, nyekundu. Nikatia chokaa ya Kakontwe kama nilivyozoea, ndoo kwa ndoo, hadi karatasi ikatulia. Nikatia mavi ya kuku. Nikatia mbolea ya mfuko iliyovuka mpaka kutoka Zambia juu ya baiskeli. Mfuko niliufungua kwa meno kwa sababu kisu kilikuwa mbali na raha ilikuwa karibu. Maji nilichota kijitoni kwa ndoo, nikamwagilia mche mmoja mmoja kwenye shina. Nyanya zikatoka kama ngumi za bondia. Paroko alizipokea altareni akaniombea mbele ya watu wote, na waliokaa benchi la mbele walilazimika kusema amina.

Wajukuu saba walikula samaki. Hilo pia liandikwe.

Mvua ya pili nilifikiri kama mkubwa wa kiwanda: kama kipimo kimoja kimezaa hivi, viwili vitazaaje? Nikatia mbolea mara mbili. Karatasi ikarudi nyekundu kidogo, maana mbolea ile ina tabia ya kuchachusha udongo, nami nikaitulizia chokaa tena. Nyekundu, chokaa. Mbolea, nyekundu, chokaa. Ilikuwa kazi yangu ya zamani kabisa, sema sasa tanki lilikuwa na nyanya. Katikati ya msimu, asubuhi moja, nikaona kati ya matuta kitu cheupe kimetanda, kama unga uliomwagika kwa mpishi mlevi. Nilifurahi. Nilidhani ni chokaa yangu imeshiba, imepanda juu kujionyesha. Nikamwita mke wangu aone.

"Tazama, mama. Bulongo inashiba mpaka inacheua."

Mke wangu alitazama, hakusema kitu. Mke akinyamaza namna ile ujue habari inakwenda kwa mama yake kabla ya maharage kuiva.

Kesho yake nilikuwa ndani nafunga nyanya kwenye vijiti. Nje ya plastiki kikasimama kivuli chenye kitambaa kichwani. Plastiki ilikuwa na ukungu, sura haionekani, kwa hiyo adabu haikuvunjwa. Nadhani mama mkwe alikuwa ameligundua hilo muda mrefu na alikuwa anangoja sababu.

"Minaongea na hii plastiki," kivuli kikasema. "Plastiki, unasikia?"

Nikakohoa, ndiyo njia ya plastiki kujibu.

"Binti yangu anasema mu bulongo munatoka kintu ya mweupe. Uulize bwana yako: alishaka kuionja?"

Nikaiambia plastiki ijibu kwamba mimi nilisimamia tani nyingi za chokaa kabla wengine hawajaona hata mfuko mmoja, na chokaa haionjwi, inachoma ulimi.

"Minye sikusema chokaa," kivuli kikasema, kikaondoka.

Mtu anayefanikiwa ana adui mmoja tu, nao ni ushauri. Sikuonja.

Kisha nyanya zikaanza kutoka na matako meusi. Juu nzuri, nyekundu, shavu la bibi harusi. Uzigeuze, chini pana doa jeusi, limebonyea kama ngozi ya kiatu cha zamani. Nikazipanga kwenye beseni matako chini. Mama wa soko sio watoto.

"Papa, hii tomati inakalia nini?" mmoja akaniuliza, ameishika juu watu waione. "Inakalia mukaa?"

Wakacheka foleni nzima. Nikamwambia aende akanunue za wengine. Akasema za wengine zimeoza, ndiyo sababu anacheka akiwa bado kwenye foleni.

Nikamleta agronomu, bwana shamba wa serikali. Lilikuwa kosa la pili, maana nilimlisha. Alikuwa mtu mrefu wa tai, kola imetafunwa na miaka. Serikali ilikuwa imemsahau kabisa, ila yeye alikuwa hajaisahau: alitembea na mhuri wake mfukoni. Alikula sahani mbili. Akapasua nyanya, akatazama doa, akasema kwa Kifaransa kirefu, kisha akanitafsiria kwa huruma:

"Papa, hii ni ugonjwa ya kukosa chokaa. Mutomati wako unakufa na njaa ya chokaa."

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Njaa ya chokaa! Ndani ya nyumba yangu mimi! Ni sawa na kumwambia samaki ana kiu.

"Njo vile inaandikwa mu kitabu," akasema, akaomba ya tatu.

Na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu nilifanya jambo ambalo mtu mjinga kabisa asingelifanya. Lilihitaji uzoefu wa miaka kumi na minne. Mchana nilimcheka, jioni nikafikiri: diploma ni diploma. Nikatia chokaa tena. Sikupima na karatasi kwanza. Nilipopima baadaye ilikuwa buluu kama gauni la Bikira Maria. Lingekuwa tanki, ningekuwa nimefunga siku nyingi nyuma. Majani mapya yakatoka manjano, mishipa peke yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Nilipoona umanjano nikasema ni njaa ya mbolea, nikatia mbolea.

Mvua ya tatu mbegu hazikuota. Niliatika mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili zikatoka chache, zikainama, ncha za majani zimeungua. Ile miche mikubwa niliyoinunua kwa wengine ikanyauka saa nne asubuhi ikiwa imesimama kwenye udongo uliolowa. Nilishika udongo, maji yakanitoka kwenye vidole, na juu yake mche umelala kwa kiu. Hilo lilinitisha. Mtu akifa na njaa shambani unaelewa. Mtu akifa na kiu mtoni, hapo unatazama nyuma yako kama hakuna mtu.

Nyumbani samaki walikwisha, majani hayakuwapo kuwarithi. Wale saba walianza kurudi kwetu saa za chakula na kuketi mlangoni bila kuomba, na hakuna kitu kinachopiga kelele kama watoto saba wasioomba. Mama mkwe akawatangazia kuku: mvua ya tatu ikiisha anataka bonde lake, na kabla haijaisha anataka kuliona.

Kuliona maana yake kuingia ndani ya nyumba ile mimi nikiwa sipo. Nikaondoka asubuhi, nikajifanya nina shughuli mjini. Niliporudi mke wangu alikuwa ameketi kizingitini na kisu cha jikoni chenye udongo.

"Mama aliingia?" nikauliza.

"Aliingia."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alikwangua. Ile ya mweupe yote, matuta tatu, tukajaza sufuria." Akafuta kisu kwenye nyasi. "Anasema kesho atakutumia chakula."

Hapo moyo wangu ulitulia. Chakula cha mama mkwe kwa mkwe si jambo dogo. Kinakuja kimefunikwa kitambaa cheupe, kinabebwa na mtu mwenye adabu, na ndani kuna kuku mzima na firigisi yake, maana kumnyima mkwe firigisi ni kumtukana ukoo. Nikajisemea: mama ameona kazi yangu, hata ikiharibika ina ukubwa wake, amenihurumia. Niliwaambia watu wawili watatu barabarani kwamba kesho nakula kwa mama mkwe. Nilioga.

Kikaja. Sahani mbili, kitambaa kimepigwa pasi ya mkaa, mke wangu amepiga magoti nusu kama siku ya harusi. Nikafunua ya kwanza: bukari, ugali wetu, moto, nyeupe, imeviringwa vizuri. Nikafunua ya pili. Katikati ya sahani kubwa ya maua palikuwa na rundo dogo la chumvi ya kijivu, la kujaa kijiko kimoja.

"Kuku iko wapi?" nikauliza.

"Mama anasema mboga yako njo hii. Inatoka mu shamba yako. Anasema ukule, usiogope, umeilima weye mwenyewe."

Nyuma ya ukuta kuku walikuwa wameanza kupewa somo, na safari hii kwa sauti ya kanisani.

"Musikie, bakuku! Minye nilizaliwa pembeni ya muto Lufira, kwenye mabwawa ya chumvi. Wakati ya jua, jua inaita chumvi toka chini, inapanda, inalala juu kama unga. Tunaikwangua, tunaitia mu kikapu ya nyasi, tunamwanga mayi, inachuruzika mu chungu, tunapika mpaka inakauka. Nilifanya hii kazi nikiwa mutoto. Nilifanya tena jana! Na wakati ya mvula, bakuku, chumvi inakwenda wapi?"

Kuku hawakujua.

"Mvula inaibeba! Inaishusha chini, inaipeleka mu muto. Kila mwaka. Sasa ule bwana amefukuza mvula. Mu nyumba yake ni wakati ya jua mwaka tatu. Chumvi itoke na njia gani? Na muguu?"

Nikachovya kidole. Mke wangu alitaka kunizuia, nikamwonyesha mkono. Ulimi ulipata chumvi kwanza, kisha uchungu, kisha ubaridi, ubaridi wa ajabu kama kulamba chuma asubuhi ya mwezi wa sita. Niliujua ubaridi ule. Ulikuwa umeniingia mdomoni siku niliyofungua mfuko wa mbolea kwa meno. Nikatema nje, nikarudi, nikaketi mbele ya sahani nikiitazama.

Miaka mitatu nilidhani nyanya zinakula. Hazikuwa zinakula hata nusu. Mabaki yote ya karamu yalikuwa yamelala chini ya meza, na mimi kila msimu naleta sahani nyingine. Maji yangu ya ndoo yaliishia shina. Jua chini ya plastiki likayavuta juu tena, yakapanda na mabaki yale, yakakauka, yakayaacha juu. Na chumvi ikizidi nje ya mzizi, mzizi hauvuti maji, hata uuzamishe. Chokaa ilikuwa pale pale, mche umeikalia, lakini haikupanda mpaka kwenye tunda, kwa sababu inapanda na maji na maji yalikuwa yamefungiwa. Agronomu aliona njaa kweli, hakuona kufuli. Na mimi nikajibu njaa kwa kuongeza chakula mlangoni.

Kiwandani kila tanki lilikuwa na robineti, yaani koki, chini. Miaka kumi na minne niliifungua na kuifunga robineti ile bila kuiwazia, kama mtu anavyopumua. Tope lililotulia lilitoka, tanki likapumzika, tukaanza upya. Nilipojenga tanki langu mwenyewe nilikumbuka chokaa, nikakumbuka karatasi, nikasahau robineti. Robineti ya shamba ni mvua. Niliishona kwa sindano ya magunia, nikajisifu kwamba haivuji.

Bukari nilikula. Kavu. Kukiacha chakula cha mama mkwe ni tusi, na kwa tusi siku ile alikuwa ameshanitangulia mbali.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, bila kupaza sauti mara hii, "plastiki inatoka."

"Yote?"

"Yote."

"Na ile miche ya tomati iliyobakia? Mvula itaiua mu juma mbili."

"Nimeona."

"Batu watacheka, baba."

"Batu wanacheka hata nikiwatangulia. Leta ngazi."

Walicheka. Ilikuwa katikati ya mvua, wingu limekaa juu ya Kikula, mtaa wetu, kama nguo mbichi, na mtaa ulitoka kutazama kana kwamba ni mechi. Nilikata ushono mmoja mmoja. Fundi cherehani wa jirani, ambaye msimu wote wa kwanza alinunua nyanya zangu kwa kuzunguka nyuma asionekane, aliniuliza kama nauza paa. Mama yule wa soko akasema: "Papa, unavua nyumba nguo? Itasikia baridi!" Nikamjibu kwamba nyumba inaoga, na wapo watu hapa wangefaidika kuiga. Nikashuka na plastiki yote mgongoni, nikaikunja kwa adabu. Hawakupata kuniona nimeinamisha kichwa, isipokuwa pale nilipoikunja.

Mvua ikaja ikaingia.

Lakini mvua peke yake haitoshi, na hili sikuambiwa na kuku, nililijua mwenyewe: maji yakiingia lazima yatoke. Nilichimba mfereji upande wa chini, wa kina cha mapaja, nikauelekeza mbali na kijito, kwenye majaruba ya magugu ambayo hayana mwenyewe. Nilipasua matuta kwa jembe mpaka udongo wa chini ukafunguka. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimevua shati, nalima shamba la mama mkwe. Kijana wa zamani alipooa alilima kwa wakwe misimu miwili ndipo akapewa mke wake. Mimi nilipooa nilikuwa mtu wa mshahara. Nilitoa blanketi, radio na mbuzi, nikasema jembe ni la washamba. Sasa nilikuwa nalilipa jembe lile, watoto wangu wenyewe wakinitazama. Kila nilipofika nilikuta kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kimewekwa kwenye kivuli, na hakuna aliyejua kimeletwa na nani.

Maji ya kwanza kutoka kwenye mfereji yalikuwa ya rangi ya chai, na yalipokauka kwenye ukingo yaliacha ukoko. Baada ya mvua kubwa tatu nne yakawa mepesi. Miche ya nyanya iliungua kwa ugonjwa wa mvua, ikawa myeusi kama za mji mzima, na nakiri kwamba niliing'oa mapema asubuhi wakati fundi cherehani bado amelala. Mke wangu akaleta majani makavu kutoka porini, gunia baada ya gunia, tukayafukia. Kisha akapanda mahindi, si ya kula kwanza, ya kunyonya: mama yake alisema mahindi ni walafi, wapewe karamu iliyobaki. Mahindi yalitoka ya kijani cha kutisha, marefu kama wanajeshi. Baada yake akamwaga mbegu za lengalenga.

Siku zile za kungoja sikulala vizuri, na sioni aibu kusema. Mimi nilingoja bila woga siku ya kuachishwa kazi. Nilingoja bila woga siku za uporaji. Lakini mbegu ndogo kuliko kichwa cha sindano zilinifanya niamke kabla ya kengele ya kanisa, nikachuchumae kwenye ukingo wa bonde la mwanamke mwingine.

Siku ya tano zikaota. Nyekundu kidogo, kijani kidogo, mstari kwa mstari, kutoka kijitoni hadi njiani. Isipokuwa kona moja, ya upana wa mkeka wa watu wawili, pale nilipokuwa nikiweka mifuko ya chokaa na kuchanganyia. Pale hapakuota hata jani. Chumvi inafuata maji, ina haraka kama msafiri. Chokaa inakaa.

Niliitazama kona ile nikaanza kufikiri. Kuna kitu kingeweza kutiwa. Majivu, hapana, majivu yangezidisha. Asidi kidogo, kidogo tu, iliyochanganywa vizuri. Nilijua mtu bado ana dumu lake. Karatasi nilikuwa nazo kibunda kizima.

Mke wangu akatokea na beseni la lengalenga za kwanza, za kupunguza, za mboga ya jioni ya wale saba. Nyuma yake mbali, kwenye nyasi, mama mkwe alikuwa amesimama, amegeuza uso pembeni kama adabu inavyotaka.

"Mama anasema bulongo yake ameipokea," mke wangu akasema.

Nikashukuru. Nilitaka kusema mengine pia, kwamba hakuna mtu mwingine Likasi angeweza kuliharibu shamba kwa ukubwa ule na kulirudisha, lakini hakuningoja.

"Anasema ile kona, usiiguse. Amekuona unaiangalia. Usitie chokaa, usitie mbolea, usitie dawa ya kiwanda. Anasema hata mate, usitemee pale."

"Mpaka lini?"

Akamgeukia mama yake. Mama yake akanyoosha mkono juu, kwenye wingu, kisha akaenda zake.

Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani, na nyingi nimezisimulia hapa na pengine mara mbili. Ile ndiyo iliyonitoa nguvu zaidi. Kila asubuhi nilipita na ndoo ya kumwagilia lengalenga za mama mkwe, nikafika kwenye kona ile, mikono ikiniwasha, nikaizunguka. Mwaka mzima sikutia kitu. Mwaka wa pili likaota gugu moja, baya, la miiba, nami sikuling'oa.